Paulo hakupita kwenye sinagogi la Ostia, ila mama mpeleke tu

Dada mmoja anayeishi Milano kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mwezi ujao mama anakuja kutoka Mwanza na nataka nimpeleke Roma, ni mtu wa kanisa kweli kweli, Biblia anaijua kuliko mimi. Nimesikia huko Ostia kuna magofu ya sinagogi la zamani, wengine wanasema ndo la kale kuliko yote Ulaya na kwamba Mtume Paulo alihubiri humo. Ni kweli? Na hao wataalamu wanajuaje kwamba ni sinagogi, isije ikawa ni nyumba tu ya tajiri fulani? Halafu kwa mtu mzima kutembea ni mbali?"

Marahaba dada yangu, na mama msalimie sana akifika. Naanza na la Paulo manake hilo ndo litamuuma mama kama mtu hajamwambia mapema.

Hapana, Paulo hakushukia Ostia. Mwambie mama afungue Matendo sura ya 28, njia yote imeandikwa pale: wametoka Malta kwa meli ya Iskanderia, wakapita Sirakusa, wakapita Regio, wakashuka Puteoli ambayo ni karibu na Napoli, wakakaa na ndugu siku saba, halafu wakapanda kwenda Roma kwa nchi kavu na ndugu wa Roma wakaja kuwalaki Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Hiyo ni barabara ya Appia, inaingia Roma kutokea kusini, Ostia iko upande mwingine kabisa kwenye mdomo wa mto Tiber. Na sababu ipo, meli kubwa za ngano kutoka Misri zilikuwa zinapenda Puteoli kwa sababu Ostia ya wakati ule haikuwa na bandari ya maana, ilikuwa ni mdomo wa mto wenye mchanga na mawimbi, Kaisari Klaudio ndo alianza kuchimba bandari mpya mwaka 42 BK kilomita chache kaskazini, na hata hiyo ilichukua miaka mingi kukamilika. Kwa hiyo mtu akikuambia Paulo alisimama kwenye ile sakafu ujue anatamani tu iwe hivyo.

Ila sasa usimvunje moyo mama, kwa sababu kilichopo pale kitamfungulia Biblia yake kuliko hata hiyo hadithi.

Kwanza jinsi lilivyopatikana. Ostia yenyewe ilichimbwa sana kati ya mwaka 1938 na 1942, serikali ya Italia ilikuwa inajiandaa kwa maonesho makubwa ya dunia ya 1942 ambayo hayakufanyika kwa sababu ya vita, wakachimba haraka haraka, mtaa kwa mtaa, na bado sinagogi hawakuliona kwa sababu lilikuwa nje ya ukuta wa mji, ng'ambo ya lango la baharini linaloitwa Porta Marina. Likaja kuonekana mwaka 1961 wakati wanajenga barabara ya kwenda uwanja mpya wa ndege wa Fiumicino. Kazi ya kulichimba ikaongozwa na mama mmoja mwanaakiolojia, Maria Floriani Squarciapino, mwaka 1961 na 1962, na mimi huwa nasema tuna deni kwake manake barabara ya uwanja wa ndege ni kitu ambacho serikali yoyote ina haraka nacho, na jengo lile lingeweza kufunikwa lami tusijue kabisa kwamba liliwahi kuwepo. Barabara leo ipo, ukisimama kwenye magofu unasikia magari yanapita pale pale pembeni.

Sasa swali lako la pili, wanajuaje. Hili nalipenda kwa sababu watu wengi wanadhani wataalamu huwa wanakisia. Ukuta mtupu haukuambii dini ya mtu, hilo ni kweli kabisa, Ostia imejaa vyumba ambavyo hatujui vilikuwa vya nini. Lakini humu kuna mawe yanayosema yenyewe. Ndani ya ukumbi mkuu, ukishaingia upande wa kushoto, kuna kijumba kidogo kilichojengwa kwa matofali, kina ngazi za kupandia na nguzo mbili nyembamba mbele, na juu ya zile nguzo zililala boriti mbili za marumaru ambazo ncha zake zimechongwa kinara cha matawi saba. Kinara kile kile cha Kutoka sura ya 25. Na pembeni ya kinara wamechonga pembe ya kondoo dume ile ya kupigwa kama baragumu, tawi la mtende, na tunda moja la jamii ya ndimu, na mama akikumbuka Walawi 23 kwenye Sikukuu ya Vibanda atajua mara moja hivyo vitu viwili vya mwisho vinafanya nini hapo. Hakuna tajiri wa Kirumi wa kuabudu Jupita aliyekuwa na sababu ya kuchonga vitu hivyo vyote pamoja kwenye sehemu tukufu kuliko zote za jengo. Halafu zikapatikana pia taa za mafuta za udongo zenye alama ya kinara.

Kile kijumba ndo sehemu ya kuwekea magombo ya Torati. Na angalia kilivyokaa. Mtu akiingia anakiacha mgongoni, yaani kiko upande uleule wa milango, jambo ambalo mwanzo linashangaza kwa sababu wewe ungetegemea kitu kitakatifu kiwe mbele, ukutani mwisho, na kweli kule mwisho kuna jukwaa la mtu kusimama na kusoma. Lakini upande wa milango ndo unaotazama mashariki, na kusini kidogo, yaani Yerusalemu. Jengo lilikuwa na milango mitatu ya kuingilia ukumbini, na walipoamua baadaye, mnamo karne ya 4, kwamba sasa Torati ipate makao ya kudumu upande wa Yerusalemu, ikabidi wazibe mlango mmoja wajenge pale. Mi hiki ndo kitu kinachonigusa kuliko vyote pale Ostia, watu wamekubali kupoteza mlango mzima ili kibla yao ikae sawa.

Na kabla ya kijumba kujengwa Torati ilikuwa wapi? Hapo ndo tunaingia kwenye jiwe la Mindis Faustos. Ni jiwe lenye maandishi, limekutwa limetumika tena kutengeneza sakafu karibu na mlango, wenyewe walishaona ni la zamani wakalitumia kama kipande cha marumaru tu. Mstari wa kwanza ni Kilatini, unasema kwa ajili ya usalama wa Kaisari. Halafu lugha inageuka, iliyobaki ni Kigiriki: Mindis Faustos amejenga kwa mali yake mwenyewe na ameweka wakfu sanduku kwa ajili ya sheria takatifu. Tena jina lake ukiliangalia vizuri limechongwa juu ya jina jingine lililofutwa, yaani kulikuwa na mfadhili wa kwanza, baadaye jina la Faustos likakaa mahali pake. Wengi wanaliweka jiwe hili karne ya 2 au ya 3.

Neno alilotumia Faustos kwa sanduku ni "kibotos". Mwambie mama hili, atafurahi: wale Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki walitumia neno hilo hilo moja kwa vitu viwili ambavyo sisi kwa Kiswahili tumevitenganisha, safina ya Nuhu na sanduku la Agano. Zote ni kibotos. Kwa hiyo mtu wa Ostia aliyesoma lile jiwe alikuwa anasikia vyote vitatu kwa mpigo, kisanduku cha sinagogini kwao, sanduku lililobebwa jangwani na ile safina iliyookoa watu majini, na hao walikuwa watu wa bandari, wanaoishi na meli.

Na ule mstari wa Kaisari usimsumbue, hawakuwa wanamwabudu. Ni sala ya kuuombea utawala ambao wanaishi chini yake, Yeremia sura ya 29 aliwaandikia wale waliopelekwa Babeli wautakie amani mji waliohamishiwa, ni mambo ya namna hiyo. Lakini ilikuwa busara pia, manake Kaisari Tiberio alishawafukuza Wayahudi Roma mwaka 19 BK na Klaudio naye akafukuza tena, Akila na Priskila wa Matendo 18 ni watu wa fukuza hiyo ya pili. Watu wakishafukuzwa mara mbili wanaandika jina la Kaisari juu kabisa, kwa lugha ya Kaisari, halafu yao wanayasema kwa Kigiriki chini.

Faustos hayuko peke yake. Kuna jiwe la kaburi la Plotius Fortunatus ambaye cheo chake ni "archisynagogus", na hicho cheo mama anakijua toka Sunday school, ndo mkuu wa sinagogi, cheo cha Yairo ambaye binti yake alifufuliwa. Kuna maandishi mengine ya Gaius Julius Justus, kiongozi wa baraza la wazee, aliyepewa kiwanja cha kaburi na jumuiya ya Wayahudi wa Ostia. Majina yote hayo ni ya Kirumi kabisa, ukikutana nayo barabarani huwezi kujua ni Myahudi mpaka usome cheo.

Sasa la umri. Hapa naomba unisikilize taratibu kwa sababu mitandaoni utakuta mtu anakuambia karne ya 1 na mwingine anakuambia karne ya 4, na wote wawili hawadanganyi, wanaongelea vitu tofauti. Jengo limejengwa juu ya jengo. Kuta za chini kabisa zimejengwa kwa mtindo ambao vijiwe vidogo vya pembe nne vinasimamishwa kwenye ncha na kupangwa mpaka ukuta unaonekana kama wavu wa kuvulia samaki, na Warumi waliutumia mtindo huo sana karne ya 1 na kuacha mnamo katikati ya karne ya 2. Kuta za baadaye zinachanganya mstari wa matofali na mstari wa mawe, huo ni mtindo wa zama za mwisho. Squarciapino akasema basi jengo la kwanza ni la wakati wa Klaudio, katikati ya karne ya 1, na lilikuwa sinagogi toka mwanzo. Anders Runesson kutoka Sweden akaja kukubaliana naye kwa kiasi kikubwa. L. Michael White wa Texas, ambaye timu yake ilirudi kuchimba pale kuanzia mwaka 2001, anaona jengo ni la baadaye kidogo na kwamba mwanzo lilikuwa la kazi nyingine, likaja kugeuzwa sinagogi polepole kwa ukarabati mmoja baada ya mwingine.

Maoni yangu? Ushahidi ambao hauna mabishano, ule wa vinara na kijumba cha Torati, ni wa karne ya 4. Jiwe la Faustos linatupeleka nyuma zaidi, lakini jiwe linaweza kubebwa. Ila zile nguzo nne, ambazo nitazisema hapo chini, na ukumbi mpana namna ile bila vyumba vidogo vidogo, mimi havinionyeshi nyumba ya mtu, vinanionyesha jengo la watu wengi toka mapema. Kwa hiyo nakwambia hivi, karne ya 1 inawezekana sana, karne ya 2 au 3 sioni tabu kuikubali, karne ya 4 ni hakika. Na kuhusu "kongwe kuliko yote Ulaya" mtu aseme Ulaya ya magharibi hapo sawa, lakini Ulaya nzima hapana, kwa sababu kisiwa cha Delos huko Ugiriki kuna jengo kando ya bahari lililochimbwa 1912 ambalo wataalamu wengi wanalikubali kuwa sinagogi, na hilo ni la kabla ya Kristo.

Tena hiyo habari ya "kando ya bahari" sio bahati tu. Leo ukifika sinagogi la Ostia utauliza bahari iko wapi, iko kama kilomita 3 mbele, Tiber imebeba udongo karne kwa karne na kuusukuma ufuko mbele, na mafuriko ya 1557 yakabadilisha hata njia ya mto wenyewe. Lakini siku zile mtu akitoka mlangoni alikuwa anaona maji. Yosefo yule mwanahistoria Myahudi amenukuu amri ya mji wa Halikarnaso inayowaruhusu Wayahudi kujenga mahali pa sala kando ya bahari kwa desturi ya baba zao. Na mama afungue Matendo 16: Paulo akifika Filipi siku ya sabato anatoka nje ya lango la mji, anaenda kando ya mto, ndipo anapomkuta Lidia muuza zambarau. Nje ya lango, karibu na maji. Ostia ni hivyo hivyo, nje ya Porta Marina, karibu na maji. Paulo hakufika hapa lakini angekuja angejua pa kutafuta.

Na palikuwa na maji hata kwenye jengo lenyewe, kisima kipo pale mbele. Mwezi Machi 2025 wakatangaza kwamba katikati ya mji wa Ostia wamepata birika la kujitakasa la Kiyahudi, la mwisho wa karne ya 4 au mwanzo wa ya 5, chumba kimeshuka chini ya ardhi, na ndani yake taa yenye kinara na tawi la mtende. Hilo liko mbali na sinagogi, ndani ya mji kabisa, na kwangu ni habari kubwa kwa sababu miaka yote tulikuwa tunawafikiria Wayahudi wa Ostia kama watu wa pembeni, wako nje ya lango huko, kumbe wengine wanaishi katikati na majirani wa kila dini, mji ambao una vyumba zaidi ya 15 vya mungu Mithra peke yake.

Ukishamaliza kutazama ukumbi usiondoke, mpeleke mama jikoni. Ndiyo, sinagogi lina jiko. Kuna tanuri la kuokea, kuna meza ya marumaru, mitungi ilizikwa sakafuni ya kuhifadhia vitu. Na pembeni kuna chumba kikubwa chenye mabenchi mapana yaliyojengwa kuzunguka kuta, wengine wanasema ni pa kulia chakula, wengine pa kulala wageni, mi naona hakuna sababu ya kuchagua moja, mtu anakula pale na usiku analala pale pale. Yerusalemu kuna jiwe la mtu anaitwa Theodotos, lilipatikana kabla tu ya vita ya kwanza ya dunia, linasema alijenga sinagogi kwa ajili ya kusoma sheria na kufundisha amri, na pia vyumba vya wageni na maji kwa ajili ya watu wanaotoka ng'ambo wenye shida ya mahali. Sasa fikiria bandari. Kijana kashuka kwenye meli kutoka Iskanderia au Karthago, Kilatini hajui, anatafuta mahali ambapo mkate hautamtia najisi na mtu wa kumwelekeza njia ya Roma. Anauliza, wanamwonyesha nje ya lango. Ndo maana mi nikimpeleka mtu pale huwa namkalisha karibu na lile tanuri muda mrefu kuliko kwenye vinara, manake vinara vinakuambia jengo lilikuwa la dini gani, lakini tanuri linakuambia watu wale walikuwa wanaishije.

Kuhusu kutembea. Kutoka Roma mnapanda treni ya Lido pale kituo cha Porta San Paolo, kipo jirani na metro ya Piramide, kama nusu saa mnashuka Ostia Antica, mnavuka daraja la miguu na mko getini. Shida ni kwamba sinagogi liko mwisho kabisa, geti liko upande mmoja wa mji na sinagogi upande wa pili, mtanyoosha barabara kuu ya Kirumi mpaka Porta Marina na kuzidi, kama kilomita moja na nusu kwenda tu, na yale mawe ya barabara ni makubwa ya mviringo hayana usawa, kwa magoti ya mtu mzima ni kazi. Avae viatu vya raba. Msiende moja kwa moja, pumzikeni kwenye ngazi za ule ukumbi wa maigizo ulioko njiani, na nyuma yake kuna uwanja wa ofisi za wenye meli na mozaiki zake sakafuni, mtafutieni mama ile ya watu wa Sabratha, Libya ya leo, ina picha ya tembo. Maji mbebe, vivuli vya misonobari vipo lakini sio kila mahali, na kiangazi anzeni asubuhi geti likifunguliwa.

Mkifika, jengo lote lina karibu mita 37 kwa 23 hivi, sio dogo. Mtaliona kwa zile nguzo nne za marumaru, zimesimama mpaka leo, karibu mita 5 kwenda juu na vichwa vyake vya majani, ndo zilikuwa mlango wa heshima wa kuingilia ukumbini. Kuna nyakati wanaweka uzio na mnatazama kwa nje, muulizeni mhudumu pale getini kabla hamjaanza safari ya kwenda huko mwisho. Mkiruhusiwa kuingia mama apite katikati ya zile nguzo, atembee mpaka karibu na jukwaa, halafu ndo ageuke nyuma atazame alikotoka: kijumba cha Torati kitakuwa mbele yake, na Yerusalemu iko upande huo huo.

Na Jumatatu msiende, wanafunga.